Taarifa za afya mtandaoni: Nani aone nini?

TAKWIMU zinazoandikwa katika vitabu vya MTUHA kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania Bara huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta unaofunguliwa kwa njia ya intaneti. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013, mfumo huo ulikuwa umesambazwa katika mikoa yote.

DHIS2 hutengenezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake.

Mfumo huo hudhibiti watumiaji kwa njia tatu. Kwanza ni jukumu, yaani kile ambacho mtumiaji anaruhusiwa kufanya: kuingiza takwimu, kuzisoma tu au kusimamia akaunti za wengine.

Pili ni eneo. Ofisa wa Manispaa ya Tabora anaweza kupewa vituo vya manispaa yake pekee, asione vya Nzega wala Urambo, wakati wa ngazi ya mkoa akisoma taarifa za wilaya zote bila uwezo wa kuzibadilisha.

Tatu ni ripoti yenyewe, ambayo inaweza kufunguliwa kwa kundi maalumu, kama vile waratibu wa UKIMWI, na kufungwa kwa wengine.

Udhibiti huo unahitajika hata pale ambapo ripoti haina majina. Iwapo ripoti ya mwezi ya zahanati moja katika kata kama Mtendeni, mjini Tabora, itaonyesha mjamzito mmoja tu wa umri wa miaka 15 hadi 19 aliyekutwa na VVU, majirani wanaweza kumtambua bila kutajiwa jina.

Kwa sababu hiyo, takwimu za kituo kimoja hubaki kwa wanaozihitaji kikazi, na wengine huonyeshwa jumla ya wilaya au mkoa. Njia nyingine ni kuficha idadi ndogo mno kabla ya ripoti kutolewa.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo yawe siri. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Hata hivyo, ulinzi wote huo huvunjika iwapo watumishi kadhaa watatumia nenosiri moja, kwani kumbukumbu za mfumo hazitaonyesha ni nani hasa aliyefungua ripoti. Vivyo hivyo, mtumishi aliyehamishwa huendelea kuona taarifa za kituo chake cha zamani hadi msimamizi atakapoifunga akaunti yake au kubadili eneo lake.