Dukati za Guinea: Ngome ya Accra Katika Dhahabu ya Denmark

Miongoni mwa sarafu za kale za Skandinavia zinazosakwa mno na wakusanyaji ni dukati za Denmark zilizofuliwa kwa dhahabu ya Afrika Magharibi katika karne ya 17 na ya 18.

Dhahabu hiyo ilitoka pwani ya Guinea, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Huko Wadenmark waliishika ngome ya Christiansborg, eneo la Osu mjini Accra, tangu miaka ya 1660 hadi walipoiuzia Uingereza mwaka 1850.

Dukati moja ina uzito wa takriban gramu 3.5 tu. Upande mmoja hukaa mfalme, kama vile Christian wa Tano. Upande wa pili, katika baadhi yake, ni ngome yenyewe.

Wasiochorwa ni mateka. Kutoka ngome hiyohiyo Waafrika walisafirishwa utumwani hadi visiwa vya Denmark katika Karibi, biashara iliyopigwa marufuku kwa amri ya 1792 iliyoanza kutekelezwa mwaka 1803.

Wakusanyaji huhesabu uadimu na hali ya sarafu, na bei za soko hilo si haba. Mwaka 2024 mkusanyiko wa Lars Emil Bruun, mfanyabiashara wa siagi aliyefariki mwaka 1923 na kuusia usiuzwe kwa miaka 100, ulianza kunadiwa Copenhagen. Sarafu yake moja ya dhahabu, ya Mfalme Hans ya mwaka 1496, ilifikia euro milioni 1.2.

Christiansborg ingali imesimama. Baada ya uhuru wa 1957 ilikuwa makao ya serikali ya Ghana kwa miaka mingi.