Martin HD-28

Martin HD-28 ni aina ya gitaa la akustika lenye nyuzi sita za chuma linalotengenezwa na kampuni ya C. F. Martin & Co. huko Nazareth, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Lilitolewa mwaka 1976 ili kurudisha sifa mbili zilizoondolewa katika gitaa la Martin D-28 miaka ya 1940: mataruma yaliyochongwa na pambo la ukingoni.

Historia

D-28 ni gitaa la umbo la *dreadnought*, yaani lenye mwili mkubwa na kiuno kipana. Jina hilo linatokana na manowari ya Uingereza, HMS Dreadnought. Martin ilianza kuuza magitaa ya umbo hilo kwa jina lake mwaka 1931.

Mwaka 1944 kampuni iliacha kuchonga mataruma, kwa sababu nyuzi nene zilizopendwa na wapigaji wengi zilivuta ubao wa juu kwa nguvu na kuweza kuuharibu. Miaka michache baadaye pambo la ukingoni, lililokuwa likiagizwa kutoka Ujerumani, liliachwa pia. Hata hivyo wapigaji, hasa wa muziki wa bluegrass, waliendelea kuyatafuta magitaa ya zamani kwa ajili ya sauti yake.

Muundo

Mataruma ni vipande vya mbao vinavyogundishwa chini ya ubao wa juu ili kuuimarisha. Yale makuu mawili hupishana kwa umbo la herufi X. Yakipunguzwa unene katika sehemu fulani, ubao hutikisika kwa urahisi na sauti nzito huongezeka, lakini uimara hupungua.

Ubao wa juu ni wa msprusi. Ukingo wake una pambo la vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa mfano wa mifupa ya samaki. Herufi H katika jina inatokana na jina la Kiingereza la pambo hilo.

Tofauti na magitaa ya zamani

Mgongo na mbavu za D-28 za awali zilikuwa za *Dalbergia nigra* kutoka Brazil. Mti huo ulipokuwa adimu, Martin ilihamia *Dalbergia latifolia* ya Uhindi mwaka 1969, nayo ndiyo iliyotumika katika HD-28. Tangu 1992 biashara ya kimataifa ya *Dalbergia nigra* imezuiliwa vikali na mkataba wa CITES. Kwa hiyo ufundi wa zamani umerudishwa, lakini si mbao zake.