Bamvua, Dago na Dema: Historia ya Uvuvi Mdogo katika Msamiati wa Pwani



Historia ya uvuvi mdogo wa pwani yetu haimo katika nyaraka za serikali peke yake. Sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika msamiati wa wavuvi wenyewe. Katika mhadhara huu nakusudia kuchunguza maneno matatu yanayotueleza jinsi bahari ilivyovuliwa zamani, na kwa nini riziki ya wavuvi imo mashakani leo.

Neno la kwanza ni bamvua, yaani maji makuu yajayo mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bahari hupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na wanawake wakashuka kuchokoa pweza. Baadaye huingia maji mafu, na sehemu kubwa ya miamba hiyo haifikiki tena kwa miguu.

Neno la pili ni dago, kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Wavuvi wa Kojani, kisiwani Pemba, ni mashuhuri kwa safari hizo, ambazo huwafikisha Tanzania Bara na Kenya kwa kufuata majira ya kaskazi na kusi.

La tatu ni dema, mtego wa kusukwa ambao ukubwa wa matundu yake huamua samaki yupi abaki na yupi atoke.

Kutokana na maneno haya, wapo wanaohitimisha kwamba wazee wetu walikuwa wahifadhi wa mazingira. Mimi siafiki moja kwa moja. Bahari ilipumzika kwa sababu kusi ilipovuma kwa nguvu ngalawa hazikutoka. Upepo, mwezi na zana ndivyo vilivyoweka mipaka. Nyavu za nailoni na mashine za boti, zilizoenea baada ya katikati ya karne ya 20, ziliiondoa. Juya lilikokotwa juu ya majani ya bahari wanamokulia samaki wachanga, na baruti zikavunja matumbawe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1970 ilikataza baruti, lakini milipuko iliendelea kusikika kwa miongo kadhaa.

Ilibidi, basi, watu wajiwekee mipaka ambayo zamani iliwekwa na maumbile. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Kenya ikatoa kanuni za vikundi vya kusimamia fukwe mwaka 2007. Katika miaka ya 2010, wanakijiji wa Kisiwa Panza, Pemba, walianza kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza, ambaye hukua upesi, aongezeke uzito. Siku ya kufungua miamba ya namna hiyo hupangwa kwa kufuata bamvua. Neno la kale limekuwa kanuni mpya.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina gharama, na mchokoaji pweza asiye na chombo ndiye huilipa kwanza, kwa kuwa mwamba uliofungwa ndio shamba lake. Haki yake ni kushauriwa kwa lugha anayoitumia kazini. Nawaomba wanafunzi wanaokusanya msamiati wa bahari wasirudi na orodha ya maneno tu, bali waulize pia kila neno linampa nani ruhusa ya kuvua, na linamnyima nani.