Nani Alibuni Kisu? Stori ya Mafundi Wasio na Majina

Wadau, fungua droo ya jikoni kwako. Kisu, mkasi, opena. Kwa waliosinzia kwenye kipindi cha sayansi, hizo zote ni mashine rahisi. Mashine hapa siyo lazima iwe na injini, ni kitu chochote kinachofanya nguvu yako ndogo imalize kazi kubwa. Kisu ni kabari, kinasukuma kitu kiachane pande mbili. Mkasi ni nyenzo mbili zinazokutana kwenye egemeo moja.

Sasa swali: nani alizibuni?

Ukiuliza hivyo utatajiwa Archimedes, Mgiriki aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo. Jamaa alikuwa kichwa kweli, alieleza kwa hesabu kwa nini nyenzo ndefu inanyanyua mzigo mzito. Ila kueleza siyo kubuni. Zaidi ya miaka 1000 kabla hajazaliwa, watu wa Misri walikuwa wanachota maji kwa shadufu, mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito upande wa pili. Hiyo ni nyenzo kabisa. Jina la aliyeianzisha? Hakuna.

Karne ya 1 baada ya Kristo, Heron wa Alexandria, hukohuko Misri, akaorodhesha mashine 5: nyenzo, kapi, kabari, skrubu, na gurudumu lenye mhimili. Naye aliandika vitu ambavyo mafundi walikuwa wanavitumia kitambo. Mwenye kalamu ndiye aliyebaki na jina.

Turudi nyuma zaidi, na safari hii tunarudi nyumbani. Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro, yamechimbuliwa mawe yaliyogongwa mpaka yakatoa makali, yana karibu miaka milioni 2. Hizo ni kabari. Hao ndio mababu wa kisu chako. Louis na Mary Leakey waliochimba pale tunawajua kwa majina. Waliochonga hatuwajui, na enzi hizo watu wa aina yetu walikuwa hata hawajatokea duniani.

Majina yanakuja kuwa mengi zamani za hataza, yaani hati ya serikali inayosema ubunifu huu ni wa fulani. Mwaka 1810 Peter Durand wa Uingereza alipata hataza ya kopo la kuhifadhia chakula. Kichekesho ni kwamba Ezra Warner wa Marekani alipata hataza ya kifaa chake cha kufungulia makopo mwaka 1858. Miaka 48 katikati hapo watu wanapambana na kopo kwa patasi na nyundo! Mwaka 1892 Mmarekani mwingine, William Painter, akapata ya kizibo cha bati, kile cha soda. Ukikifungua kwa kiberiti cha gesi, kiberiti ni nyenzo na kidole chako ndiyo egemeo. Aliyeanzisha mbinu hiyo ya kiberiti? Hajulikani.

Ndiyo maana nachoka nikikuta mtu mtandaoni anaandika eti Waafrika hatujawahi kubuni kitu. Anatafuta majina, na majina yanabaki pale tu palipokuwa na mtu wa kuandika.

Angalia mbuzi ya kukunia nazi. Inatumika kwetu pwani, na ng'ambo ya Bahari ya Hindi wana za kwao. Meno yake ni kabari ndogondogo zilizopangwa. Unakalia ubao, uzito wako unaushikilia, mikono yote miwili inabaki huru kuzungusha kifuu. Kuna mtu alikaa chini akaliwaza hilo. Hakuandikiwa hataza, ila alimwonyesha mwanawe, mwanawe akamwonyesha mwanawe, mpaka ikafika jikoni kwa bibi yako.

Kukosa jina siyo kukosa akili. Haya, kwenu kuna kifaa gani ambacho kila mtu anakitumia na hakuna anayejua kimetoka kwa nani? Kitaje.