Kibarua na Chama cha Wafanyakazi: Funzo kutoka Bandari ya Mombasa

Neno kibarua lina historia yake. Asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa ili kuthibitisha siku aliyofanya kazi. Baadaye jina hilo likahamia kwa kazi yenyewe na kwa anayeifanya. Kibarua hana mkataba wa mwezi; jua likizama ajira yake imekwisha, na kesho huanza upya. Je, mtu wa namna hiyo ana sababu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi? Historia ya makuli wa Mombasa, bandari inayopokea shehena nyingi za Uganda, yatupa jibu, ingawa si jibu jepesi.

Katika miaka ya 1930, wengi wa wapakiaji na wapakuaji wa meli Mombasa walikuwa vibarua. Kazi ilifuata meli: zikitia nanga nyingi, watu wengi walihitajika, gati likiwa tupu, mifuko nayo ilikuwa mitupu. Sheria ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa mwezi makazi au posho ya kodi, lakini kibarua hakuhesabiwa. Hata hivyo, wako walioyapenda maisha hayo, kwa kuwa yaliwaachia uhuru wa kupumzika baada ya kazi nzito au kwenda kulima mashamba yao.

Mwezi wa Agosti 1939 makuli waligoma, nao hawakuwa na chama. Mwajiri aliweza kumkataa kibarua mmoja asubuhi yoyote, ila hakuweza kuwakataa wote, kwani meli iliyolala gatini ni hasara. Tena kibarua hakuwa na cheo wala mshahara wa mwezi wa kupoteza. Unyonge wake ukageuka nguvu. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, lakini wagomaji hawakuwa na msemaji wa kudumu wa kufuatilia madai yao. Mwaka 1944 serikali ilianza kuwaandikisha vibarua wa bandari katika daftari, na masharti ya kazi yao yakapangwa na wengine.

Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma: makuli, wafanyakazi wa reli, wa hoteli na hata wa majumbani. Wa mwezi na wa kutwa walikutana katika mikutano ile ile. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili hivi, na serikali ikalazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara. Lakini Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Baringo, na shirikisho likadhoofika. Makuli walipogoma tena Machi 1955, tayari walikuwa na chama chao. Tom Mboya, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, aliwasaidia katika mazungumzo. Shauri likapelekwa kwa msuluhishi, na ujira ukapanda.

Hata hivyo, ushindi huo haukumfikia kila mtu. Serikali na waajiri walikuwa wametambua kwamba mwenye kazi ya kudumu huogopa kuipoteza, basi wakapunguza vibarua na kuwaajiri wachache kwa uthabiti zaidi. Waliomo daftarini walipata kazi ya uhakika. Waliobaki nje walifungiwa lango. Chama kiliwatetea zaidi wale waliokuwa ndani.

Siku hizi sheria imeufungua mlango. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 vinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, bila kumtenga anayefanya kazi kwa siku au kwa saa. Lakini haki ya kuingia si sawa na faida ya kuwamo. Kwa hiyo, kibarua aulize kwanza: je, katiba ya chama inamruhusu kupiga kura? Je, mikataba ya chama inataja ujira wa siku, au mishahara ya mwezi peke yake? Je, ada inalingana na kipato kisicho na uhakika?

Majibu yakiwa mabaya, ana haki ya kusita. Kwa maoni yangu, hata hivyo, ni heri ajiunge na kuyabadili akiwa ndani. Mombasa yatufundisha kwamba daftari litaandikwa tu, awepo asiwepo. Asiyekuwamo siku ya kuliandika hana wa kumlaumu jina lake likikosekana.