Khadija na Hadija ni mtu mmoja au wawili?

Hebu mpe karani madaftari mawili, moja la vizazi, jingine la ndoa. Katika la kwanza kuna Khadija. Katika la pili kuna Hadija. Je, ni mtu mmoja au wawili? Swali lenyewe si geni, na mojawapo ya majibu yake ya mwanzo lilitoka katika matamshi.

Mnamo 1918, Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya mbinu ya kupanga majina kwa sauti. Mbinu hiyo, Soundex, katika muundo ulioenea baadaye huacha herufi ya kwanza ya jina, hudondosha irabu, kisha huzipa konsonanti zinazokaribiana tarakimu moja. B, F, P na V ni 1. D na T ni 3. M na N ni 5. Sufuri hujaza nafasi inayobaki. Basi Fatma na Fatuma yote huwa F350.

Sheria ya malipo ya uzeeni ilipopitishwa Marekani mwaka wa 1935, wazee wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Ikabidi umri wao usakwe katika sensa ya 1880. Makarani walitengeneza kadi za Soundex za nyumba zilizokuwa na watoto wa miaka 10 kurudi chini, kwani mtoto wa miaka 10 wakati huo ndiye aliyekuwa mzee wa miaka 65 mwaka wa 1935. Jina likikosewa na lisipatikane, mzee alikosa ushahidi wa umri wake.

Mwaka wa 1959, nchini Kanada, Howard Newcombe na wenzake waliikabidhi kompyuta kazi ya kuunganisha rekodi za ndoa na za vizazi. Walitambua kwamba kufanana hakuna uzito sawa. Ukimkuta Otieno katika madaftari mawili ya Kisumu, bado hujajua mengi. Jina adimu likijirudia, hapo una ushahidi. Mwaka wa 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter waliliwekea jambo hilo hesabu: jumlisha uzito wa jina, tarehe na mahali. Jumla ikiwa kubwa, unganisha. Ikiwa ndogo, tenga. Ikiwa katikati, mwachie binadamu aamue.

Sasa turudi kwa Khadija wetu. Soundex humpa K320, na Hadija H320. Kwa mashine, hao ni wawili. Karanja na Kalanja nao hutengana, kwa kuwa R ni 6 na L ni 4, ilhali wasemaji wetu wengi hubadilisha sauti hizo kila siku. Lakini tazama: kanuni hiyo hiyo ya herufi ya kwanza hutenganisha Otieno na Atieno, na hapo imefanya vyema, maana mmoja ni mvulana na mwingine ni msichana!

Kanuni moja, matokeo mawili. Si kosa la hesabu; ni kwamba sikio lililoitunga lilikuwa la Kiingereza. Tunapounganisha sajili zetu, za afya, elimu na vitambulisho, tusiwaachie wanakompyuta peke yao. Mwanaisimu naye aitwe mezani mapema, kabla bibi kizee hajaambiwa eti hayumo katika orodha, kisa na maana herufi K.