Shambaai na nyika: historia ya watu wa Usambara

Kwa Wasambaa wa kale nchi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Shambaai, nchi ya mlimani, yenye baridi, mvua na migomba. Ya pili ni nyika, tambarare ya joto, miiba na homa. Msafiri hakuhitaji ramani kuujua mpaka wa nchi hizo, kwani mimea iliyokuwa njiani ilimwambia amefika wapi.

Kwa kuwa mlima ulipendwa hivyo, mtu angetarajia kukuta vijiji vimejazana karibu na vilele. Haikuwa hivyo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alionyesha kwamba vijiji vya zamani vilipenda kukaa karibu na ukingo, pale mlima unapoanza kuteremkia nyika. Familia iliyojenga hapo ilikuwa na migomba kuizunguka nyumba na shamba jingine la nafaka kule chini. Msimu ukiharibika upande mmoja, upande wa pili huenda ukaokoa. Huo ulikuwa mpango wa watu walioijua nchi yao kwa vizazi, nao unastahili kuitwa elimu.

Simulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, imesimama juu ya ukingo huohuo. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Mwisho wake akasimikwa kuwa mfalme huko Vugha. Nyama ya porini ilikutana na chakula cha mlimani, na kutoka hapo ukazaliwa ufalme. Simulizi hii na nyingine za ukoo huo zimehifadhiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kingefaa kuwamo katika kila maktaba ya shule mkoani Tanga.

Wakati wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848 na tena 1852, nguvu za mlima zilifika hadi pwani. Kimweri alipofariki mwaka 1862 mizani iligeuka. Semboja, mwanawe, aliweka makao Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara ambako bunduki zilipatikana kwa urahisi. Vita vya ndugu vikafuata, na watu wengi wakauzwa utumwani. Wasambaa wana maneno ya hali hizo mbili: kuzifya shi ni kuiponya nchi, kubana shi ni kuiharibu. Miaka ile nchi iliharibiwa.

Kisha wakaja Wajerumani, na reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo 1905. Walowezi walipouona msitu mrefu wa Usambara Mashariki waliamini kwamba udongo wake una rutuba isiyokwisha, wakaukata na kupanda kahawa. Baada ya miaka michache miche ikadhoofika. Rutuba ilikuwa ndani ya msitu wenyewe, katika majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena na mizizi. Miti ilipoondoka, mvua ikasomba kilichobaki. Mtaji mwingi ulipotea kabla somo hilo halijaeleweka.

Mwishoni mwa karne ya 19, Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alifika Usambara kuchunguza malaria. Wenyeji walimweleza kwamba wakishuka nyikani huumwa na wadudu, kisha hushikwa na homa. Mdudu walimwita mbu, na ugonjwa vilevile waliuita mbu. Ronald Ross alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya mbu nchini India mwaka 1897 tu, na dunia ya kitabibu ilikuwa bado inabishana. Watu wa mlimani walikuwa na jibu lao katika neno la kila siku.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, pamoja na bustani kubwa ya mimea kutoka pembe nyingi za dunia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kituo kikawa mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 mtafiti Storey na wenzake walizalisha machotara ya muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata mbegu inayohimili ugonjwa wa batobato. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilikuja kuwafaa wakulima wa mbali, hata Nigeria. Hiyo ni sifa kubwa kwa mlima mmoja wa Tanga. Lakini bustani iliacha deni pia: mti wa Maesopsis, uliopandwa na watu, umesambaa ndani ya msitu wa asili na kuwa tishio kwa miti ya hapo.

Kwingineko mlimani serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitumia amri. Kuanzia mwaka 1946 wakulima wa Mlalo walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Ila kazi ile nzito iliwaangukia zaidi wanawake, na maskini waliolima mashamba ya kuazima walihofia kuyakosa. Upinzani ukakua, chama cha TANU kilichodai uhuru kikapata wafuasi, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mradi mwingine ulioanza Lushoto mwaka 1981 ulikuja na njia ya upole zaidi, kupanda mistari ya majani ambayo hushika udongo na kumlisha ng'ombe wa bandani.

Nako Amani, watafiti wa kilimo walihamia Muguga, Kenya, na majengo yao yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Msitu uliozunguka kituo ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Maandishi ya Amani yamehifadhiwa katika makabati. Elimu ya ukingoni, yaani majina ya mimea ya mpaka, misimu ya mashamba mawili na maana kamili ya kuzifya shi, haina kabati. Wazee wa Vugha, Bumbuli na Mlalo wangali wapo. Vijana wa Lushoto, wachukueni madaftari mkawasikilize mwaka huu.